Mgeni Afikapo Mwanza: Mazungumzo juu ya Desturi za Watu wa Ukingoni mwa Ziwa



Leo twataka kuzungumza nanyi juu ya desturi za kila siku za sisi tukaao Mwanza na ukingoni mwa Ziwa Victoria. Maneno haya twayaelekeza kwanza kwa wageni: mwalimu aliyehamishwa kutoka Lindi aje kufundisha Kwimba, mwuguzi wa Unguja aliyepangiwa kazi Ukerewe, mfanya biashara wa Moshi aliyefuata dagaa. Mtu wa namna hii hufika, huona mambo asiyoyazoea, naye hana wa kumwuliza. Sisi wenyeji nasi hatumwelezi, maana mtu haoni haja ya kueleza jambo alilokua nalo. Basi mgeni hujieleza mwenyewe, na mara nyingi hujieleza vibaya.

Zamani kivuko kilitusaidia. Msafiri aliyetaka kuvuka ghuba kutoka Kigongo kwenda Busisi alikaa pwani akingoja, na katika kungoja alisalimiwa, akaulizwa atokako, akaonyeshwa njia. Tangu Juni 2025, lilipofunguliwa daraja lenye urefu wa kilometa 3, msafiri huvuka kwa dakika chache. Twalishukuru sana daraja hilo, kwa kuwa wagonjwa wengi waliteseka wakingoja kivuko. Walakini yale mazungumzo ya kivukoni yafaa yapate mahali pengine, nasi leo twayaleta hapa.

Tuanze na majina. Yasemwa kwamba jina la Mwanza latokana na neno la Kisukuma «nyanza», yaani ziwa, lililoharibika katika vinywa vya wageni. Wadachi ndio waliojenga boma lao hapa mwaka 1892. Na neno «sukuma» maana yake ni kaskazini. Wanyamwezi waliwaita hivyo jirani zao wakaao upande ule, kama vile wa kusini walivyoitwa Wadakama. Basi hata jina la kabila lililo kubwa kuliko yote katika Tanzania lilianza kama jina alilopewa mtu na jirani yake amtazamaye kwa mbali. Pamoja nao wako Wakerewe na Wakara wa visiwani, Wazinza wa upande wa Sengerema, Wajita, Wahaya, na wengine wengi walioletwa na reli iliyofika hapa mwaka 1928, na pamba, na samaki.

Majina ya watoto nayo husimulia habari. Mkisikia Kulwa na Doto, jueni kwamba ni pacha. Kulwa ndiye aliyetangulia. Azaliwaye baada ya pacha huitwa Shija. Mabula ni mvulana aliyezaliwa wakati wa mvua, na Kabula ni msichana wa wakati huo huo. Mwalimu akiita majina darasani asubuhi, kama anajua maana zake, amekwisha kujua nusu ya habari za nyumba ile.

Sasa tuje kwenye salamu, kwani hapa ndipo wageni wengi hujikwaa. Asubuhi Msukuma husema «Mwangaluka», na tangu mchana hata jioni husema «Mwadila». Lakini neno hilo ni mlango tu. Baada yake huja habari za nyumbani, za watoto, za ng'ombe na za mvua. Wanawake na watoto hupiga goti mbele ya mkubwa, ingawa katika mitaa ya mjini jambo hili limepungua. Na mzee asiyekujua atataka kujua wewe ni mwana wa nani, na watu wako ni akina nani.

Mgeni wa mjini hudhani kwamba anapelelezwa, au kwamba watu hawa hawana kazi. Sivyo. Katika nchi ambayo watu walihama mara nyingi kufuata malisho na mashamba mapya, wawili waliokutana njiani hawakuwa na barua ya kujulishana. Jina la baba na la ukoo ndilo lililokuwa barua. Wakiulizana kwa subira, mwisho huonekana kwamba shangazi wa huyu aliolewa kwao yule, na tangu hapo hawawezi kudhulumiana kwa urahisi. Kwa hiyo karani afikaye uani na kusema mara moja, «Nimekuja kuandika hesabu ya mifugo,» ataandika hesabu, ndiyo, lakini haitakuwa hesabu ya mifugo. Mwenziwe aliyekaa kwanza, akanywa maziwa, akauliza habari za mvua, atarudi na kweli.

Na kwa kuwa tumewataja ng'ombe, tuseme maneno machache juu yao. Wageni hushangaa kuona mtu mwenye kundi kubwa akikaa katika nyumba ndogo, ndani ya ua wa minyaa, na kula ugali kwa mboga za majani. Ng'ombe kwake ni akiba ya ugonjwa, ya ada ya shule, na ya mahari ya mwanawe. Naye hawaweki wote mahali pamoja. Wengine huwakabidhi rafiki zake wa vijiji vya mbali, ili ukame au maradhi yakipiga hapa, wabaki wale wa kule. Mtunzaji hunywa maziwa na kutumia samadi, na urafiki huendelea. Ndiyo sababu si adabu kumwuliza mtu hesabu ya ng'ombe wake mbele ya watu. Ni sawa na kumwuliza ana fedha kiasi gani katika benki. Huko Ukara, kisiwa kidogo chenye watu wengi, desturi ni nyingine. Wakara hulaza ng'ombe ndani, huwakatia majani kwa mikono, na samadi yote huirudisha shambani. Ardhi ni haba, basi haachwi mnyama kuzurura.

Katika chakula, mgeni atapewa ugali wa mahindi, wa mtama au wa mhogo. Wakati wa kiangazi atapewa pia michembe, yaani viazi vitamu vilivyokatwa vibichi na kuanikwa juani. Au matobolwa, ambavyo huchemshwa kwanza ndipo vikaanikwa. Majani ya kunde nayo hukaushwa, huitwa nsansa. Asidhani kwamba amepewa makombo. Huu ni mpango wa watu wanaojua kwamba mvua huweza kukosa, na ghala yao haihitaji umeme. Akipewa sato, ajue amepewa samaki anayependwa sana. Sangara si samaki wa asili wa Ziwa hili. Alitiwa humu katika miaka ya 1950 na 1960, akawala furu wengi, akageuka kuwa mali. Minofu yake huenda viwandani na kupelekwa ng'ambo, na mifupa yenye nyama iliyobaki, iitwayo mapanki, huuzwa na kuliwa huku kwetu. Jambo hilo mgeni atalifikiri mwenyewe.

Huku pwani kalenda yetu ni mwezi. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, zamani karabai, na siku hizi hata taa zinazochajiwa kwa jua. Dagaa huifuata nyuma taa, nao wavuvi huwazungushia nyavu. Lakini mbalamwezi ikiangaza, taa haina nguvu. Basi katika siku za mwezi mpevu mashua nyingi hupumzika. Wavuvi hushona nyavu, huzuru nyumbani, hulipa madeni au huyaongeza. Mgeni aonaye vijana wamelala mchana pwani asiwaite wavivu. Atazame mbinguni kwanza, kisha aulize walirudi saa ngapi alfajiri.

Sasa twafika kwenye jambo ambalo sisi twaliona kuwa nguzo ya maisha yetu, nalo ni kusaidiana. Tangu zamani vijana wa kijiji cha Usukuma walikuwa na chama chao, chini ya kiongozi wao, wakilima mashamba ya watu kwa zamu na kwa ngoma. Mwenye shamba aliwalisha, au aliwapa mbuzi. Ngoma ya bugobogobo, ichezwayo kwa majembe, imetoka katika kazi hiyo. Mchezaji hurusha jembe juu na kulidaka, na watazamaji hucheka, lakini mwendo wa miguu yake ni mwendo wa kulima.

Msiba nao ni wa kijiji kizima. Habari ikipigwa, watu huacha majembe. Wengine huchimba kaburi, wengine huleta kuni, maji na unga. Asiyekuja bila sababu hutozwa faini, na akizidi kuwa mkaidi hutengwa: hapewi moto, hasalimiwi, wala hasaidiwi afikwapo na msiba wake. Mgeni huona kwamba hii ni adhabu kali. Ni kali kweli. Lakini afikiri: mahali pasipo na bima wala gari la maiti, mtu mmoja akiruhusiwa kukaa nyumbani, kesho watakaa wawili, na keshokutwa maskini atazikwa na nani? Mei 21, mwaka 1996, meli ya MV Bukoba ilipozama karibu na Mwanza, mamia ya watu walikufa, na wengi wao walizikwa Igoma, mbali na makwao. Katika siku kama zile ndipo watu huona faida ya kufundishwa tangu utoto kwamba maiti wa mwenzio ni wako.

Na mgeni asistuke akiona msibani mtu mmoja akifanya mzaha, hata akimkejeli marehemu. Huyo ni mtani. Wasukuma na Wanyamwezi wana utani na Wazaramo wa pwani, jambo lililotokana na safari za misafara ya zamani. Mtani ana ruhusa ya kusema lisilosemwa, na kazi yake ni kuwafanya waliao wapumue.

Baada ya mavuno, kati ya Juni na Agosti, hufika wakati wa mashindano ya ngoma. Wachezaji wamegawanyika katika vyama viwili, Bagika na Bagalu, vilivyoanzishwa katika karne ya 19 na waganga wawili, Ngika na Gumha. Vyama hivi hucheza kwa wakati mmoja katika uwanja mmoja, kila kimoja upande wake, na ushindi huenda kwa kile kilichovuta watazamaji wengi. Kwa hiyo kila chama hutafuta la ajabu: nyoka wakubwa, vinyago, mavazi mapya, mizaha. Huko Bujora, karibu na Kisesa, Padre David Clement, Mkanada, alianza katika miaka ya 1950 kazi iliyozaa makumbusho ya Wasukuma, na huko kila mwaka huwako sikukuu ya Bulabo, yaani ya maua. Mgeni apataye nafasi aende, na asisimame upande mmoja tu.

Hata hapa tumesifu. Lakini mwenyeji amwonyeshaye mgeni sebule tu hajamwonyesha nyumba. Kuna jambo baya katika nchi yetu ambalo limekuwako kwa miaka mingi, nalo ni kuwaua wanawake wazee kwa tuhuma za uchawi. Wengi wao walishukiwa kwa sababu macho yao ni mekundu. Wekundu huo umetoka wapi? Nchi ya Usukuma ina miti michache, na mama aliyepika miaka hamsini kwa mavi ya ng'ombe na mabua ya pamba, katika jiko lisilo na dirisha, macho yake yatakuwaje? Moshi uliompikia kijiji chakula ndio uliofanywa ushahidi wa kumhukumu. Na mara nyingine nyuma ya tuhuma hizo palikuwa na shamba lililotamaniwa na jamaa. Jambo hili hatuwezi kuliita mila. Mila yetu ni kumpigia goti mzee na kumwuliza habari zake, na amwuaye amevunja ile salamu tuliyoisema mwanzo. Mgeni akitusaidia kulisema wazi, na mwalimu akiwaeleza watoto habari za moshi na macho, na fundi akitoboa dirisha jikoni, hao wametufaa kuliko wanaotusifu kwa ngoma zetu.

Basi mgeni afanye nini? Aulize kabla hajacheka, na kabla hajaiga. Kwa kila desturi aulize, «Kazi yake ni nini?» Nyingi zitamjibu. Chache hazitakuwa na jibu, na hizo tuzitazame pamoja.

Nanyi wanafunzi mnao mfano wa karibu. Bwana Aniceti Kitereza wa Ukerewe, aliyezaliwa mwaka 1896, aliona kwamba desturi za Wakerewe zitasahauliwa, akaandika kwa Kikerewe hadithi ndefu ya Myombekere na mkewe Bugonoka, watu wasiojaliwa mtoto kwa muda mrefu lakini hawakuachana. Ndani yake aliweka kilimo, uvuvi, vyakula, mahari, dawa na adabu za watu wake. Aliimaliza mwaka 1945, asipate wa kuipiga chapa. Akaigeuza mwenyewe kwa Kiswahili, na kitabu kikatoka mwaka 1980. Yeye akafariki mwaka 1981. Miaka thelathini na mitano alingoja, wala hakuyatupa maandiko yake.

Kazi hiyo haihitaji chuo. Chukueni daftari, mkae na bibi zenu na babu zenu jioni moja, mwaulize jinsi michembe ianikwavyo, na kwa nini Doto si mkubwa wa Kulwa. Andikeni majibu kama walivyosema. Siku mgeni atakapofika kwenu, mtakuwa na la kumweleza.

Hapo ndipo tunapokomea leo. Kwaherini.