Homa huanzia zizini

Msikilizaji, tuitazame simu iliyo mfukoni mwako kama chombo cha kupambana na homa ya mifugo. Mwaka 2007 homa ya Bonde la Ufa iliupiga mkoa wa Dodoma kuliko mikoa mingine nchini Tanzania. Mifugo ikatupa mimba, watu wakaugua, wengine wakafa. Leo ipo AfyaData, programu iliyobuniwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro: mhudumu wa jamii huripoti kwa simu dalili za mifugo na za watu. Nawe waweza kuripoti ugonjwa kwa kupiga 199 bure.

Kwa upande mmoja, hiyo ni kasi. Lakini kwa upande mwingine, mfugaji anaogopa kwamba akiripoti, karantini itafunga mnada. Na mtandao wa vijijini, mnaujua wenyewe. Kwangu, hofu ndiyo kikwazo kikubwa.

Je, wewe wa Mvumi, Dodoma, mbuzi wako wakitupa mimba leo, utaripoti?