Duka la Jirani Tusiliue



Wazee mnaikumbuka Operesheni Maduka ya mwaka 1976? Maduka ya watu binafsi yalifungwa, tukaambiwa duka la kijiji litatosha. Vijiji vingi bidhaa zikawa adimu. Basi thamani ya duka lililo jirani tunaijua.

Leo mtu akishauza mpunga, anapanda gari mpaka Ifakara kununua sukari kwa fedha taslimu. Nauli hahesabu! Masika yakibana, huyo huyo anabisha hapa Mang'ula usiku: "Mama, niandikie kilo moja ya unga." Anaandikiwa. Sasa mtaji utatoka wapi, jamani?

Wenye madeni tulipe Jumamosi hii. Nasema tulipe, maana jina langu nalo limo daftarini.