Sura za ukutani: niliyosema kwa vijana wa Bagamoyo

(Maneno haya niliyasema kwenye kikao cha ndani cha vijana. Waliokosa nafasi ya kuja waliomba yawekwe hapa.)

  

Nianze na mnara. Hakuna asiyepita pale Misheni akauona mnara wa kanisa la zamani. Unaitwaje? Mnara wa Livingstone. Mwili wake ulilazwa pale Februari 1874. Sasa aliuleta nani? Livingstone alifia kwa Chitambo, ambako leo ni Zambia, Mei 1873. Abdallah Susi, James Chuma na wenzao wakaukausha mwili juani, wakaufunga kwenye gome la mti, wakaubeba kwa miguu zaidi ya kilomita 1,500 mpaka hapa kwetu. Miezi karibu tisa. Njiani waliugua, wakapigana. Alikuwemo na Halima, mpishi wao. Maiti ikapata mnara. Waliobeba walilipwa ujira wao.

Simchukii mzungu wa watu. Ninauliza tu: hapa mjini, sura zinazotazama barabara ni za nani? Ukifika uchaguzi ni wagombea, kila nguzo ya umeme. Ukiisha, mabango yanapauka mpaka mvua iyamalize. Na wachoraji tunao! Chuo cha Sanaa kilianza hapa mwaka 1981, leo tunakiita TaSUBa. Kuna vijana pale mtaani mkono wao ni dhahabu, lakini wanapata kazi wakati wa kampeni tu. Muda uliobaki wanaandika "Chipsi Kuku" kwenye vibanda.

Pendekezo langu ni kwamba tuwape kuta, wachore watu wetu.

Wa kwanza kwangu ni Hukwe Zawose. Mgogo wa Dodoma, akaja kufundisha hapa hapa, akaipeleka zeze na ilimba mpaka Ulaya, akafariki Bagamoyo Desemba 2003. Muulize mtoto wa darasa la tano, uone kama anamjua. Ila sitaki tuishie kwa maarufu. Kuna akina mama wa mwani Mlingotini, wanaosimama kwenye maji ya chumvi mpaka kiunoni. Kuna mafundi wa mashua, kuna wakunga. Hao ndio ninaowataka ukubwa wa ukuta.

Najua wengi mnaipenda ile michoro ya Nairobi ya mwaka 2012, Boniface Mwangi na wenzake walipomchora mwanasiasa kama tai. Hata mimi naipenda. Lakini ile ilikuwa ya kuaibisha, na aliyeaibishwa ana walinzi. Kumheshimu mtu kwa mchoro kuna ugumu wake, maana huyo kesho anaamka na kupita chini ya sura yake akienda sokoni.

Ndiyo maana hoja ya kuweka bendera ya chama pembeni ya kila picha naipinga. Naona mnaguna. Gunieni, lakini nisikilizeni. Yule mama wa mwani na kikundi chake wanaomba mkopo wa halmashauri, ile asilimia 10, ambayo 4 ni ya wanawake. Anahitaji barua ya serikali ya mtaa. Ukimwekea bendera yetu kichwani, siku anayoifuata barua ataambiwa aende kwa wenzake. Sisi kunyimwa tumezoea, tulichagua wenyewe. Yeye hakutuomba. Anayetaka kadi yetu mlango uko wazi, lakini uso wake usiwe bango letu. Tukifanya hivyo tutakuwa na tofauti gani na hao tunaowasema kila siku?

La pili, ruhusa. Mji huu una wazee wanaoona si sawa kuchora kiumbe chenye roho. Hao si wa kubishana nao mitandaoni. Unakwenda nyumbani, unakaa kwenye mkeka, unauliza. Mtu akisema sura hapana, chora mikono yake na kazi yake, andika jina lake kwa herufi nzuri. Akisema hapana kabisa, unashukuru unanyanyuka. Na kama ni marehemu, familia ndiyo inayosema.

La tatu, kuta zenyewe. Mji Mkongwe tusiuguse, jamani. Kuna Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, lakini hata isingekuwepo: zile kuta ni matumbawe na chokaa, zinapumua. Ukizipaka rangi ya plastiki unyevu unabaki ndani, plasta inadondoka. Tutafute kuta za tofali za saruji, na mwenye nyumba aandike karatasi ya kukubali. Chumvi ya bahari inakula rangi, kwa hiyo ukuta ukwanguliwe, uoshwe, ukauke sawasawa kabla ya mtu kupiga miraba ya kukuzia picha.

Halafu mchoraji alipwe. Asiambiwe "unajitolea kwa ajili ya ukombozi" wakati mwenye spika hapa nyuma kalipwa jana.

Tuanze na ukuta mmoja tu, Magomeni au Dunda. Katibu ana daftari pale mlangoni: andika jina la unayempendekeza, anachofanya, na nani atakwenda kumwomba ruhusa. Ukiacha hiyo nafasi ya mwisho wazi, jina halisomwi.