Injini ya Boti Inayozimika Mwendo wa Chini: Sababu Itafutwe Stoo Kabla ya Kushika Bisibisi

Mada ya semina ya mafundi na watunzaji wa mashine, Griftu, Kaunti ya Wajir

Utangulizi

Griftu haina mto wa kudumu, na mtu ana haki ya kuuliza injini ya boti inatuhusu nini. Inatuhusu kwa sababu barabara yetu ya kwenda Nairobi hupita Garissa, na Garissa huvukwa Mto Tana. Mvua inapozidi nyanda za juu na mabwawa ya Seven Forks yaliyo kwenye mto huo yakajaa hadi kufurika, maji hayo hushuka hadi Garissa. Mafuriko ya El Niño mwishoni mwa 2023, kisha yale ya masika ya 2024, yalikata barabara kati ya Garissa na Madogo, na watu wakategemea boti kuvuka. Tarehe 28 Aprili 2024 boti iliyojaa abiria ilipinduka karibu na Kona Punda, na watu wakapoteza maisha. Sababu ya ajali ile si mada yangu. Naitaja kwa kuwa inatukumbusha kwamba kwenye maji yaendayo kasi, nahodha anayepunguza mafuta ili asogelee ukingo au amuokoe mtu hana nafasi ya injini kuzimika. Nashikilia hoja moja: katika ukanda wetu, injini inayokataa kutulia mwendo wa chini mara nyingi haikuharibiwa na kazi, imeharibiwa na kukaa. Kwa hiyo tiba yake ianze kwenye mafuta na usafi wa kabureta, na skrubu za kurekebisha ziwe hatua ya mwisho.

Kinachotokea ndani ya kabureta

Mafuta yakivutwa kwa wingi, hewa hupita kwa kasi katikati ya kabureta na kufyonza petroli kupitia jeti kubwa. Mafuta yakiachiliwa, kipepeo hufunga njia hiyo na jeti kubwa huacha kufanya kazi. Injini hubaki ikilishwa na jeti ndogo, ambayo tundu lake halifiki milimita 1, pamoja na vitundu vingine vidogo vilivyo karibu na ukingo wa kipepeo. Ndiyo maana injini hukimbia vizuri mafuta yakifunguliwa, kisha hutetemeka na kufa yakifungwa. Dalili hiyo peke yake imeshatuonyesha mahali pa kuangalia. Sasa fikirini ratiba ya boti ya uokoaji huku kwetu: hufanya kazi wiki chache za mvua za Gu (masika) au Deyr (vuli), kisha huwekwa stoo ya mabati kiangazi kizima. Petroli iliyobaki kwenye bakuli la kabureta hupoteza sehemu yake nyepesi kwa joto, na kinachobaki ni utomvu wa kahawia unaoganda. Injini za 2-stroke, ambazo nyingi hutumia petroli iliyochanganywa na oili kwa kiwango kama 50 kwa 1, huwa na hali mbaya zaidi, kwani petroli huondoka na oili hubaki. Tundu la kwanza kuziba ni lile lililo dogo kuliko yote.

Hoja ya skrubu

Mafundi wengi watanijibu kwamba wao hupandisha skrubu ya mwendo wa chini kidogo, injini ikatulia, na kazi ikaendelea. Ni kweli itatulia, lakini ugonjwa umefunikwa tu. Injini nyingi za aina hii zimeundwa kutulia kwenye mizunguko kati ya 700 na 1,100 hivi kwa dakika. Ukiipandisha sana, gia huingia kwa kishindo, meno yake hulika, na boti huruka mbele wakati abiria wamesimama. Isitoshe, jeti iliyoziba nusu huleta petroli kidogo, na katika 2-stroke za kuchanganya petroli ndiyo inayobeba oili ya kulainisha. Silinda inayonyimwa mafuta inanyimwa oili pia, na pistoni ndiyo italipa. Wengine huzibua jeti kwa waya wa breki. Shaba ya jeti ni laini; waya huitanua, na kutoka siku hiyo hakuna kipimo cha kitabu kitakachoifaa. Badala yake, jeti ifunguliwe, iloweshwe kwenye dawa ya kusafishia kabureta, ipulizwe kwa hewa ya kompresa, kisha ielekezwe kwenye mwanga: ukiona duara kamili la mwanga, imefunguka. Kabla ya kutoa skrubu ya mchanganyiko, ikazwe taratibu hadi iguse huku mizunguko ikihesabiwa na kuandikwa, ili irudishwe ilipokuwa endapo kitabu cha mtengenezaji hakipo.

Si kabureta kila wakati

Pingamizi lenye uzito zaidi ni kwamba injini huweza kuzimika kwa sababu nyingine kabisa: plagi chafu, hewa inayopenya kwenye gasketi, au pampu ya mafuta iliyochoka. Nakubali, na ndiyo sababu vipimo vitangulie spana. Injini ikiyumba, vuta choki kidogo. Ikipata nafuu, ilikuwa na njaa ya petroli: ama jeti imeziba, ama hewa inapenya mahali. Ikizidi kukohoa moshi na plagi ikatoka nyeusi na mbichi, petroli imezidi, na tuangalie sindano ya floti au choki iliyokwama. Kisha bonyeza pampu ya mkono iliyo kwenye mpira wa mafuta. Injini ikifufuka kila unapobonyeza, kabureta haina kosa. Pampu au mpira ndio unaoshindwa. Vipimo hivi havina gharama, na vinamzuia fundi kufungua kitu kilicho kizima.

Jambo moja la mahali petu lisisitizwe. Injini ya boti haiwashwi pakavu hata kwa muda mfupi, kwa kuwa mpira wa pampu ya maji ya kupooza huungua. Sisi hutumia pipa la lita 200 lililojaa maji, na linafaa. Lakini moshi unaojaa juu ya pipa hurudi ndani ya injini na kuifanya iyumbe bila kosa. Kwa hiyo marekebisho ya mwisho yafanyike mahali pa wazi, na ikiwezekana boti ikiwa majini, injini ikiwa moto na gia ikiwa imeingizwa.

Je, tununue injini mpya?

Wapo watakaosema dawa ni injini zinazopulizia mafuta kwa kompyuta. Injini hizo ni nzuri, ila bei yake, vifaa vyake vya kupimia na vipuri vyake viko mbali nasi, na petroli iliyochacha huziumiza nazo. Utunzaji mbovu hautatibiwa na ununuzi. Kilicho ndani ya uwezo wetu ni hiki: siku boti inapotoka majini, mpira wa mafuta utolewe, injini iachwe kwenye pipa la maji imalize petroli iliyo ndani hadi ijizime, kisha skrubu ya chini ya bakuli ifunguliwe ili yale mabaki yatoke. Mafuta ya jerikeni yaandikwe tarehe, na yakikaa yatumiwe kwenye mashine nyingine kabla hayajachacha. Mara moja kwa mwezi injini iwashwe kwenye pipa kwa petroli mpya, isikilizwe mwendo wa chini, kisha petroli iliyobaki kwenye bakuli imwagwe tena.

Hitimisho

Napendekeza kila stoo yenye boti iwe na daftari la injini na mtu mmoja anayewajibika nalo, na utaratibu huohuo utumike kwa pampu za maji, jenereta na pikipiki zetu, kwa sababu kabureta zake hufuata kanuni ileile. Kazi hii ni ya dakika chache wakati wa kiangazi. Ikiachwa hadi mto ufurike, itafanywa na nahodha gizani, watu wakiwa ndani ya boti.