Nani Amlipe Wakili? Mageuzi ya Sheria za Bima Florida na Haki ya Mwenye Nyumba



Bima nchini Marekani husimamiwa na majimbo. Sheria ya McCarran-Ferguson ya mwaka 1945 iliyaachia jukumu hilo. Kwa hiyo leo nitajikita katika jimbo moja, Florida, ambalo kati ya Desemba 2022 na Machi 2023 lilibadili kwa kina sheria za bima na mashauri ya madai. Hoja yangu ni hii: ahadi ya fidia haina thamani zaidi ya uwezo wa mwenye bima kuidai mahakamani. Anayegusa kanuni ya nani amlipe wakili ameigusa fidia yenyewe.

Kenya na Tanzania tumezoea kwamba anayeshindwa kesi, kwa kawaida, hubeba gharama za mwenzake. Marekani, kwa kanuni ya jumla, kila upande humlipa wakili wake, ushinde usishinde. Chukueni mfano wa mwenye nyumba aliyeezuliwa paa na kimbunga. Anadai dola 20,000, kampuni inampa 8,000. Zinazogombaniwa ni 12,000, na wakili anaweza kuzimaliza zote. Kampuni ikijua hivyo, ina sababu gani ya kuongeza hata senti?

Florida iliona hatari hiyo mapema. Tangu mwaka 1893 sheria yake iliamuru kwamba kampuni ya bima ikishindwa kesi, imlipe pia wakili wa mwenye bima. Lakini mwenye bima akishindwa, hakudaiwa ada ya wakili wa kampuni kwa kanuni hiyo. Upendeleo huo ulikuwa wa makusudi, kwa kuwa pande mbili hazikuwa na nguvu sawa.

Baadaye kinga hiyo ikageuzwa mtaji. Baadhi ya mafundi wa paa walipita nyumba hadi nyumba wakiahidi paa jipya bila malipo, mradi mwenye nyumba atie sahihi kuwahamishia haki yake ya madai. Fundi akawa mdai, wakili akawa na uhakika wa ujira kesi ikishinda, na mwenye nyumba akabaki mtazamaji wa shauri lililozaliwa na bima yake. Kwa takwimu za wasimamizi wa bima, mwaka 2019 Florida ilikuwa na takriban asilimia 8 ya madai ya bima za nyumba nchini humo, lakini zaidi ya asilimia 75 ya kesi zake.

Kampuni kadhaa zilifilisika. Wananchi wakakimbilia Citizens, shirika la bima lililoundwa na jimbo mwaka 2002. Hilo nalo lina hatari: likipungukiwa fedha baada ya vimbunga, linaweza kuwatoza hata wateja wa kampuni nyingine. Kimbunga Ian kilipopiga tarehe 28 Septemba 2022, soko lilikuwa limekwisha kudhoofika.

Desemba mwaka huo Bunge la Florida likaifuta kanuni ya ada ya wakili kwa bima za nyumba, likapiga marufuku kuhamisha haki ya madai kwa bima zilizotolewa kuanzia Januari 1, 2023, na likapunguza muda wa kutoa taarifa ya hasara kutoka miaka miwili hadi mmoja. Kampuni nazo zilipunguziwa muda wa kulipa au kukataa dai, kutoka siku 90 hadi 60. Machi 2023 sheria nyingine ikaifuta kanuni hiyo ya ada kwa bima kwa ujumla na kupunguza ukomo wa kufungua kesi za uzembe kutoka miaka minne hadi miwili. Isipokuwa katika kesi za uzembe wa kitabibu, mdai ambaye mchango wake katika ajali unazidi asilimia 50 sasa hapati kitu.

Matokeo mazuri yapo, na ni haki kuyataja. Kampuni mpya ziliingia sokoni. Bima za Citizens, zilizopita milioni 1.4 mwaka 2023, zilishuka chini ya milioni moja mwishoni mwa 2024. Lakini mwenye nyumba wetu wa dola 12,000 amerudishwa pale alipokuwa kabla ya 1893.

Kinachonisikitisha ni kwamba njia ya kati ilikwishapatikana. Sheria ya mwaka 2021 ilipima ada kwa ushindi. Mahakama ikimpa mwenye nyumba huyu dola 14,000, yaani nusu ya kinachogombaniwa juu ya alichopewa awali, kampuni ingelipa ada yote ya wakili. Ikimpa 11,000, ambayo ni robo, ingelipa robo ya ada. Ikimpa 9,000, chini ya asilimia 20, isingelipa kitu. Kipimo hicho kilimnyima faida anayefungua kesi zisizo na msingi, na kikaiadhibu kampuni inayopunja. Kilianza Julai 2021 na kufutwa Desemba 2022, kabla hakijapewa muda wa kutosha kuonesha matunda yake.

Ninaamini Florida inapaswa kukirejesha, huku ikidumisha marufuku ya kuhamisha madai, kwa sababu hapo ndipo ulipokuwa mzizi wa ulaghai. Nanyi wanafunzi wa sheria, mtakapoandika miswada, ulizeni swali ambalo Bunge lile lilikuwa na jibu lake mkononi: tunayemzuia ni mlaghai peke yake, au pia yule ambaye sheria iliwekwa kumlinda?