Tusijikunyate Mfalme Anapovamiwa

(Maneno ya ofisi ya miradi wakati wa kufunga mafunzo ya sataranji kwa vijana)



Mbao na kete mlizotuchangia zimetumika kila siku ya juma hili, hivyo ni haki yenu kusikia matokeo, mazuri na mabaya.

Tuanze na baya. Jana mchana tulipita mezani, tukaona vijana wengi wakifungwa kwa namna moja. Binti mmoja alikuwa mbele kwa askari wawili. Mpinzani wake akaelekeza malkia na farasi upande aliko mfalme wake. Tishio la kweli lilikuwa bado. Lakini binti yetu alirudisha farasi nyuma, akarudisha askofu nyuma (askofu wa ubaoni, si Baba Askofu wetu), akasukuma askari waliomkinga mfalme, kisha akawa anangoja tu. Alipofungwa alituambia, "Mwalimu, mimi nilikuwa najilinda."

Maneno hayo yalituchoma, kwa sababu tuliomfundisha hivyo ni sisi. Siku ya kwanza tuliandika "Linda mfalme", tukaishia hapo. Leo tunapenda kusahihisha kosa letu mbele yenu.

Tutatumia mchezo mmoja uliochezwa New York mwaka 1918. Frank Marshall, bingwa wa Marekani, alicheza na kete nyeusi dhidi ya José Raúl Capablanca wa Cuba. Marshall alimtoa sadaka askari wa katikati ili kete zake zipate njia ya kumvamia mfalme mweupe. Mbinu hiyo inachezwa hadi leo kwa jina lake.

Capablanca alimla yule askari, na dhoruba ikaanza. Katika hatua ya 13, farasi mweusi aliruka hadi karibu na mfalme, mahali ambapo askari angeweza kumla. Mwenye pupa angemla, na njia ya kumfikia mfalme ingefunguka. Mwenye hofu angerudi nyuma. Capablanca alimtoa malkia wake na kumweka mahali anapomkinga mfalme na papo hapo kuitishia ngome ya Marshall iliyokuwa kwenye kona ya mbali. Hatua moja, kazi mbili.

Malkia mweusi naye akaja. Capablanca akajibu kwa kusukuma askari wa katikati hatua mbili, na hapo askofu wake ambaye hajatoka bado akapata njia. Angalieni, ndugu zangu: nyumba inavamiwa, naye anaendelea kuwatoa watu wake kazini.

Mfalme wake alifukuzwa kwelikweli. Alitembea kutoka maficho yake, akapita katikati, akafika upande wa pili. Lakini malkia wa Marshall alikuwa amezama karibu na kona aliyoihama mfalme, na alibaki huko hadi mwisho. Ndipo Capablanca alipowasukuma askari wa upande wa malkia. Mmoja alifika hatua moja tu kabla ya kugeuka malkia, na mchezo ukaisha katika hatua ya 36. Miaka mitatu baadaye, 1921, Capablanca alikuwa bingwa wa dunia.

Kutokana na mchezo huo, tunawaomba walimu wa sharika wafundishe mambo manne.

Kwanza, kijana ajiulize: adui akipewa hatua moja zaidi, atafanya nini hasa? Ahesabu kete zinazoshambulia na zinazolinda. Mara nyingi hofu ni kubwa kuliko hesabu.

Pili, asiwasukume ovyo askari walio mbele ya mfalme. Askari harudi nyuma, na kila akiondoka huacha tundu.

Tatu, abadilishane kete na mshambuliaji pale inapowezekana, hasa malkia kwa malkia. Uvamizi unahitaji watu. Wakipungua, nguvu huisha. Na anayeongoza kwa askari ndiye anayefaidika zaidi na kubadilishana huko.

Nne, akishambuliwa pembeni, ajibu katikati. Kete za adui zilizokusanyika pembeni huchelewa kurudi katikati inapofunguka. Ikiwa katikati pamefungwa, atafute kazi upande wa pili wa ubao.

Hatusemi kila mara tushambulie. Zipo hatua ambazo lazima kulinda tu, na Capablanca mwenyewe alikuwa nazo. Katika hatua ya 16 angeweza kumla farasi kwa malkia wake. Badala yake alisogeza ngome kwa utulivu, kwa kuwa alikuwa ameuona mtego. Tofauti ni kwamba baada ya kulinda alirudi kwenye kazi yake. Anayejikunyata hulinda, akalinda tena, mpaka hana pa kusogea.

Baadhi ya wajumbe wameuliza kama mafunzo haya yaendelee, maana vijana wetu wamefungwa sana na wenzao wa mjini. Ni swali la haki. Jibu letu ni kwamba walifungwa kwa kosa linalofundishika. Tunaziomba kamati zitupe jioni moja kwa juma hadi likizo ijayo, na kila kijana aje na mchezo mmoja aliofungwa, ameuandika hatua kwa hatua, tuutafute pamoja mahali alipoacha kufanya kazi na kuanza kungoja.

Yule binti amekuwa wa kwanza. Asubuhi ya leo alituletea karatasi yake, na hatua ya 19 ameizungushia wino mwekundu. Chini yake ameandika: "Hapa ningesukuma askari wa katikati." Tuliipanga mezani tukaijaribu. Alikuwa sahihi.