Tandala Hapigwi Garini



Leo nitawaeleza habari za mgeni mmoja aliyekuja kuwinda katika Afrika kwa mara ya kwanza, na jinsi alivyofundishwa uwindaji wa haki. Hapa Kenya uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977. Kwa hiyo mambo haya yalitokea Tanzania, katika Pori la Akiba la Rungwa, nami nilikuwa mkalimani wa safari hiyo.

Mgeni alitoka Marekani, na leseni yake ilimruhusu tandala dume mmoja. Alifuatana na mwindaji bingwa mwenye leseni, askari wa wanyamapori, na mzee mmoja fundi wa kufuata nyayo.

Siku ya kwanza tulimwona tandala dume kando ya njia, karibu kabisa na gari. Mgeni akaishika bunduki. Mwindaji bingwa akamzuia, akasema kwamba kumpiga mnyama kutoka garini ni kuvunja sheria, tena ni aibu. "Uwindaji wa haki," akasema, "ni kumfuata kwa miguu, naye awe na nafasi ya kukusikia, kukunusa na kukimbia." Mgeni akanyamaza, lakini niliona hakuridhika.

Basi tukaenda kwa miguu. Tandala ana masikio makubwa, na rangi yake ya kijivu yenye mistari myeupe humficha vichakani. Dume ndiye mwenye pembe ndefu zilizojipinda, jike hana. Mzee alichukua kifuko cha majivu, akakitikisa kila mara apate kujua upepo unakoelekea. Maana ukitoka kwetu kwenda kwa mnyama, kazi imeharibika.

Siku ya tatu tulilikaribia kundi. Mgeni akaegemeza bunduki juu ya fito tatu zilizofungwa pamoja, lakini dume alikuwa nyuma ya jike, na risasi ingeweza kumpata asiyekusudiwa. Akangoja. Upepo ukageuka, wote wakatoweka. Siku hiyo hakunung'unika.

Siku ya tano alipata nafasi, akapiga. Tandala akaruka, akaingia kichakani, akaacha damu kidogo tu. Tulikaa kwanza kama nusu saa, kwa kuwa mnyama aliyejeruhiwa akifukuzwa mara moja huzidi kwenda mbali. Kisha tukamfuata. Jua likawa kali, maji yakapungua, na alama za damu zikakoma. Mgeni akaniambia nimwulize mzee kama si afadhali kumwacha huyo na kutafuta mwingine.

Nikamwuliza. Mzee hakuinua macho. "Mwambie Bwana," akajibu, "huyu ni wake tangu alipompiga. Mwingine hana." Na taratibu za leseni ni hizo hizo: anayemjeruhi mnyama huhesabiwa kama aliyemwua.

Mzee akaendelea, akitazama jani lililopinduka, jiwe lililosogea, alama ya ukwato uliokokotwa. Saa kumi alasiri tulimkuta tandala amelala chini ya mti, angali hai. Mgeni akammaliza kwa risasi moja. Kisha akaketi chini kimya, wala hakutaka kupigwa picha. Baadaye akaniambia, "Nilidhani kazi yangu ni kulenga tu." Akaenda kumshika mzee mkono. Nyama yote ikapakiwa garini, hata kichwa na matumbo.

Ndugu zangu, sikusema haya ili mtamani bunduki. Nataka tufikiri juu ya mtego wa waya, ambao baadhi yetu bado huutega vichakani. Waya hauchagui dume wala jike mwenye mimba. Mnyama akiukata, huenda nao shingoni au mguuni, akaoza akiwa hai, na mwenye mtego amelala nyumbani kwake. Yule mgeni alitembea mchana kutwa kwa ajili ya jeraha alilolifanya kwa mkono wake. Mtega waya hajui hata amejeruhi wangapi.

Ukiuona waya porini, usiupite. Umpelekee habari askari wa wanyamapori aliye karibu.